Amuri Amepona

Skolastika alipofika Bangwe kuanza kazi, Amuri alikuwa ameshakaa kwenye pembe ileile kwa miaka miwili. Feliksi, muuguzi wa magonjwa ya akili, alimtembeza mgeni wake nyumba nzima, akamwonyesha jiko, choo na kabati la dawa. Walipofika ukumbini akanyoosha kidole kwenye dirisha linalotazama ziwa. "Na yule ni Amuri," akasema, kwa sauti ileile aliyolitajia kabati.

Ilikuwa nyumba ya mchana ya mradi mmoja wa wafadhili, iliyofunguliwa kwa ajili ya watu wazima wenye maradhi ya akili. Wengi wao walikuwa wakimbizi, Warundi na Wakongo, na wenyeji wachache. Walifika asubuhi, wakapewa uji na dawa, wakasuka mikeka mpaka alasiri, wakarudi walikotoka. Aliyewahi kuwa mwalimu alisuka mkeka, aliyewahi kulima alisuka mkeka, na asiyejua kusuka alishika ukindu mapajani akautazama. Amuri hata ukindu hakuushika.

Skolastika alikuwa Muha wa Kasulu, mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, aliyesomea Moshi kitu kinachoitwa tiba ya kazi. Mama yake mwenyewe hakukielewa. Aliwaambia majirani kwamba bintiye anafundisha vichaa kushika jembe. Katika yote aliyofundishwa, Skolastika alishika neno moja kuliko mengine: kabla hujampa mgonjwa kazi, muulize yeye ni kipi anachotaka kufanya. Usiwaulize ndugu zake, wala muuguzi.

"Mgonjwa haulizwi uji," Feliksi alimwambia, akicheka bila ubaya.

"Huyu tutamuuliza."

Jumatatu ya kwanza alivuta kigoda akaketi kando ya Amuri, si mbele yake, maana mtu akikabiliwa uso kwa uso hujiona yuko polisi. "Bwana Amuri, wewe mwenyewe unataka kufanya nini?" Amuri hakugeuka. Alikuwa mtu mrefu, mabega yamemshuka, vidole vikitetemeka juu ya magoti kama vinavyopiga chapa. Mtetemo ule ulikuwa wa dawa, wala si wa ugonjwa. Sindano aliyochomwa kila mwezi ilizipunguza sauti alizozisikia, ikamwachia mikono isiyotulia. Vidonge vya kutuliza mtetemo vilikuwa vimeadimika tangu mwaka uliotangulia.

Alimuuliza tena Jumanne. Akamuuliza wiki nzima, na wiki iliyofuata. Wiki ya tatu Amuri akasema, macho yakiwa bado ziwani, "Nataka kulala."

Mwingine angecheka, kwa kuwa mtu mwenyewe alisinzia kutwa. Skolastika aliandika. Jioni ile alimfuata mpaka mtaa wa Rusimbi, walikopanga Amuri na dada yake mkubwa, Mwavita, akakuta kitanda cha Amuri kimeegemea ukuta wa mashine ya kusaga. Mashine ilipoanza kunguruma alfajiri, Amuri alisikia ndani yake watu wakimwita. Haikuhitaji dawa mpya. Mwavita alibadilishana chumba na mdogo wake, na baada ya siku kumi Amuri akaanza kufika Bangwe akiwa na macho ya mtu aliyelala.

Mwavita ndiye aliyesimulia mengine, akikoroga sabuni ya mawese uani. Mdogo wake alikuwa fundi redio kule Baraka, ng'ambo ya ziwa. Alikuwa na kibanda chake sokoni, na mke, na watoto wawili. Siku vita vilipoingia mjini, Amuri alikuwa amekwenda Kalemie kutafuta vipuri. Mkewe na watoto walijificha kibandani, chini ya meza ya kazi. Kibanda kikachomwa.

"Sauti zilimuanza ndani ya mtumbwi, tukiwa tunakimbilia huku," Mwavita alisema. "Alinambia, dada, mama watoto ananiita. Mi nikadhani analia tu kama watu wote. Dada Skola, huyu alikuwa mtu."

Wiki iliyofuata, bila hata kuulizwa, Amuri alisema neno la pili. "Redio."

Feliksi safari hii hakucheka. "Mtu anasikia watu wasiokuwepo, na wewe unampa sanduku linalosema? Na jiulize kibanda kile kilikuwa cha nini."

Skolastika akaenda kumuuliza mwenyewe. "Redio ina kitufe," Amuri akasema. "Ukichoka unaizima."

Hivyo wakaanza. Mzee Mwinshehe, mwenye duka dogo kule Ujiji, alikuwa na redio iliyokufa tangu mfungo uliopita, na kilichomuuma zaidi ni kuyakosa matangazo ya vifo. Alikuwa akisikia habari za misiba watu wameshazika. Aliitoa redio ile shingo upande. Amuri aliifungua akaitazama kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Ila alipochukua chuma cha kulehemu, mkono ukaruka, risasi iliyoyeyuka ikadondokea suruali. Akakiweka chini, akarudi kwenye pembe yake, akakaa huko siku nne.

Skolastika naye hakukata tamaa, maana hapo ndipo elimu yake ilipokuwa. Alimwomba Mwavita ashone mfuko mwembamba wa kitenge, wakautia mchanga wa ufukweni, wakaufunga kwenye kifundo cha mkono wa Amuri ili uzito uupunguze mtetemo. Alitafuta meza ya kimo cha kuegemezea viwiko vyote viwili. Alimshawishi Feliksi abadilishe saa za vidonge vya mchana. Aligundua kwamba siku tano kabla ya sindano mikono ilikuwa na nafuu, na siku tano baada yake haikufaa kitu. Kazi ya kulehemu ikapangiwa siku njema, na ya kufungua na kupangusa ikapangiwa siku mbaya. Mambo madogo haya yalichukua miezi mitatu. Redio ya Mzee Mwinshehe ilipokoroma na kutoa sauti ya mtu akisoma majina ya marehemu, Amuri aliisikiliza mpaka mwisho, kisha akaizima mwenyewe.

Mzee Mwinshehe alimpa sehemu ya baraza la duka lake. Amuri akawa anakaa pale asubuhi kwa saa mbili au tatu, akiwa na mfuko wake wa mchanga mkononi. Vijana wa Ujiji walimwita fundi chizi, wakampelekea redio zao hivyo hivyo. Zipo siku alizoinuka ghafla akatembea mpaka majini akijibizana na mtu asiyeonekana, kisha akarudi akaketi. Mzee Mwinshehe hakumsemesha siku hizo. Alimwekea tu maji ya kunywa kando yake. Baada ya mwaka watu walikuwa wanasema fundi, basi.

Mradi ulidai ripoti kila nusu mwaka. Katika fomu palikuwa na mahali ambapo mgonjwa mwenyewe hujipima kwa kumi: kazi uliyoichagua unaifanya vizuri kiasi gani, na umeridhika nayo kiasi gani. Mara ya kwanza kabisa Amuri alijipa moja na moja. Safari hii alifikiri, akasema, "Saba." Na kuridhika? "Saba. Nane zikiwepo betri." Skolastika alicheka kwa furaha, akaandika. Mwisho wa fomu palikuwa na mstari wa maoni ya mtaalamu. Hakusita. Aliandika: *Amefikia lengo. Anajitegemea.* Akatia saini, na jioni ile alimnunulia Feliksi soda.

Huo ulikuwa mwaka ambao meli zilikuwa zikiwarudisha Wakongo kwao, na kambi zikipunguzwa moja baada ya nyingine. Amuri na dada yake waliishi mjini kwa kibali cha matibabu kilichohuishwa kila miezi sita. Mwezi uliofuata Mwavita alikwenda kukihuisha kama kawaida, akarudi Bangwe amekishika kibali cha zamani kwa mikono miwili.

"Wanasema amepona," alimwambia Skolastika. "Wanasema aliyepona hana kibali. Turudi kambini, na kambi yetu iko kwenye orodha ya meli."

Skolastika aliondoka muda uleule na viatu vyake vya nyumbani. Afisa wa vibali aliyemkuta alikuwa mtu mpole. Alimpa kiti, akamsikiliza, kisha akafungua jalada na kumgeuzia nakala ya ripoti ya mradi.

"Hii si saini yako, dada?"

"Ni yangu."

"Basi mimi nitasemaje? Nina watu mia mbili wanaougua kweli, wanasubiri nafasi ya huyu."

Alijaribu kueleza kwamba Amuri anajitegemea kwa sababu ana sindano, ana baraza, ana Mzee Mwinshehe, ana chumba kisichokuwa na mashine. Ukiondoa kimoja, vyote vinaanguka. Afisa akamuuliza mambo hayo yameandikwa wapi. Hayakuwa yameandikwa popote. Fomu haikuwa na mahali pake. Mwishowe afisa alimhurumia, akakubali daktari mmoja aliyekuwa akipita kukagua kesi kama hizo amtazame Amuri Alhamisi.

"Njia ni moja tu," Feliksi alisema Skolastika aliporudi. Alikuwa amefunga mlango. "Alhamisi awe vile alivyokuwa."

Skolastika alimkuta Amuri barazani Ujiji, redio tatu mbele yake. Aliketi kando yake. Maneno aliyokuja nayo yalikuwa kinyume cha kila alichowahi kumwambia, na ulimi wake ulikuwa mzito kama wa mtu aliyetafuna ndizi mbichi.

"Amuri, daktari akikuona unavyofanya kazi, unaondoka. Acha kuja hapa mpaka Alhamisi. Kaa pale dirishani. Akikuuliza kitu, usimjibu."

"Unataka niwe mgonjwa."

"Nataka ubaki."

Amuri aliweka bisibisi chini. "Mi ni mgonjwa, dada. Sauti ziko sasa hivi, wewe unavyosema nazo zinasema. Nimezoea tu kufanya kazi zikiwepo." Akauliza bila ukali, kama anayetaka kujua, "Kwa nini hilo hukuandika?"

Skolastika alitazama barabara. Baadaye akamuuliza, maana hakujua kuuliza kingine, yeye mwenyewe anataka nini.

"Baraka sitaki. Kule kila nikikanyaga nitawakanyaga wao. Na pale dirishani sitaki pia. Hakuna ya tatu?"

"Hakuna."

"Basi dirishani," alisema Amuri, akaanza kukusanya vyombo vyake.

Alikaa dirishani siku nne. Skolastika alipita mbele yake kila saa, na siku ya tatu aliona jambo lililomwogopesha: mabega yameshuka kama zamani, na midomo inacheza. Hakujua tena kama anajifanya.

Alhamisi daktari alifika. Alikuwa mzee mwenye mvi, Kiswahili chake kizuri, na wala hakuwa na haraka. Alivuta kigoda akaketi kando ya Amuri, si mbele yake. Alimuuliza habari za usingizi, Amuri hakujibu. Akamuuliza habari za chakula, kimya. Akamuuliza kama anazisikia sauti. Amuri alitazama ziwa. Feliksi, aliyesimama mlangoni, alimtupia Skolastika jicho la matumaini. Daktari alipekua jalada taratibu, akasoma, akalifunga.

"Bwana Amuri," alisema, "hebu tuyaache ya ugonjwa. Wewe mwenyewe unataka kufanya nini?"

Amuri aligeuka. Alimtazama Skolastika kama anayeomba ruhusa, na Skolastika akainamisha macho sakafuni, akiomba Mungu amzibe kinywa.

"Kutengeneza redio," Amuri alisema.

Na lilipotoka hilo, mengine yakalifuata, hakuweza kuyazuia. Alisema habari za baraza. Alisema jinsi ya kupanga kazi kabla na baada ya sindano, akauonyesha mfuko wa mchanga aliokuwa nao mfukoni. Alisema kuna mama mmoja anaitwa Stephania aliyeahidiwa kwamba redio yake itakuwa tayari Jumamosi na sasa itachelewa, na fundi anayechelewesha watu hapati jina. Daktari aliandika huku akiitikia kwa kichwa kwa heshima. Alipomaliza alimshika Amuri mkono, kisha akamjia Skolastika.

"Nimeona nyumba nyingi za namna hii, binti yangu. Kazi kama hii sijaiona. Umemrudishia mtu uhai wake." Kisha akaongeza kwa nia njema kabisa, "Na huko kwao wanahitaji sana mafundi."

Walipewa wiki mbili. Feliksi alikomba kabatini dawa za miezi mitatu, zaidi ya alivyoruhusiwa, akamwandikia Mwavita namna ya kumpa, kwa herufi kubwa. Skolastika aliandika barua kwa hospitali ya Baraka, bila kujua kama hospitali ipo. Aliandika kurasa nne. Safari hii aliyaandika yote, chumba na mashine na mchanga na sauti ambazo hazijaondoka.

Siku ya meli alikwenda bandarini asubuhi. Jua lilikuwa kali, watu wamepangwa mistari na magodoro, kuku, masufuria, na vitambulisho vimening'inia shingoni. Penye ukaguzi walimfungulia Amuri kopo lake la vyombo, wakakitoa chuma cha kulehemu, kwa kuwa vyuma vyenye ncha havipandi. Hakubisha. Alilifunga kopo, akalikumbatia.

Mwavita alimkumbatia Skolastika. "Aksanti, dada Skola. Aksanti kwa yote," alisema, na hapakuwa na kejeli hata kidogo ndani yake, afadhali ingekuwepo.

Amuri alisimama kando, vidole vikitetemeka, maana alikuwa amechomwa sindano juzi yake. Skolastika alingoja neno la kuagana.

"Ile redio ya mama Stephania iko dukani, rafu ya chini," Amuri alisema. "Haijaisha. Mwambie asiiwashe."

Akapanda.

Miezi mitano baadaye mfanyabiashara wa mawese aitwaye Christian, aliyekuwa akivuka mara kwa mara, alifika Bangwe na salamu za Mwavita. Ile hospitali ya Baraka ilipokea barua, ikasema dawa ya namna hiyo haina. Za kabatini ziliisha. Sokoni, pale palipokuwa na kibanda, mtu mwingine alikuwa anauza samaki, na Amuri alikuwa akienda kila siku kuinama chini ya meza yake, akiita. Mwenye meza alivumilia, kisha akachoka. Sasa Amuri yuko kwenye nyumba moja ya maombi nje ya mji, amefungwa mnyororo kwenye nguzo kwa ajili ya usalama wake. Dada yake humpelekea chakula.

"Anasema?" Skolastika aliuliza.

"Anasema, ila si na watu."

Alimpa Christian kifurushi cha dawa alichokiomba huku na huku. Christian alikipokea, akavuka. Hakuonekana tena Ujiji msimu ule, wala uliofuata. Wengine walisema amehamia Uvira, wengine walisema ziwa limemchukua. Skolastika hakupata kujua kifurushi kilifika wapi.

Toka hapo ripoti zake zilibadilika. Kulikuwa na Mrundi mmoja, Harerimana, aliyekuja hajui hata kujiogesha, na aliyesema baada ya miezi mingi kwamba anataka kupanda vitunguu. Skolastika alimpa kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, naye akapanda, akavuna, akapanda tena, akaanza kujipikia na kunyoa ndevu. Kwenye fomu Skolastika aliandika: *Bado. Anahitaji msaada wa kila siku.* Akaandika hivyo kwa kila mtu. Walipojipa saba, aliandika mbili.

Wafadhili walisoma ripoti za mwaka mzima, wakaona kwamba katika nyumba ya Bangwe hakuna mgonjwa hata mmoja anayepata nafuu. Walituma barua fupi ya shukrani. Nyumba ilifungwa mwezi wa sita, na mwenye jengo akawapangisha wavuvi wa dagaa waitumie kama ghala. Feliksi alipata kazi Kasulu. Skolastika alisubiri uhamisho, akikaa chumba cha kupanga si mbali na pale.

Asubuhi moja, wiki baada ya kufungwa, alikuwa akienda sokoni akamwona Harerimana kwenye geti. Kufuli lilikuwa jipya. Harerimana alikuwa amenyoa vizuri, ameshika kopo la maji, anachungulia kati ya mabati kwenye matuta yake ya vitunguu, akisubiri mtu aje amfungulie. Alionekana amesubiri kitambo.

Skolastika alisimama nyuma ya ukuta wa jirani. Alifikiri atamwambia nini. Kisha akageuka, akapita njia ya juu, ile ndefu.